Waliotajwa Pembeni: Hotuba Juu ya Nyaraka za Familia ya Adams

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, ndugu zangu watunza nyaraka na wakutubi, nanyi wanafunzi wa historia mliokuja kwa wingi,

Nimeombwa nizungumzie nyaraka za familia, nami nimechagua familia moja tu, kwa kuwa naamini jambo hili halieleweki likizungumzwa kwa ujumla. Hueleweka mtu anapoishika barua moja, akaisoma hadi mwisho, kisha akauliza iliandikwa na nani, ilimfikia nani, na ilisalimika vipi mpaka ikafika mikononi mwake. Familia yenyewe ni ya Adams, wenyeji wa mji wa Quincy, kusini kidogo ya Boston katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Familia hii ilitoa marais wawili: John Adams, aliyeongoza nchi kuanzia 1797 hadi 1801, na mwanawe John Quincy Adams, aliyeongoza kuanzia 1825 hadi 1829. Mjukuu, Charles Francis Adams, alikuwa mwakilishi wa Marekani jijini London kuanzia 1861 hadi 1868, kipindi kilichojumuisha karibu miaka yote ambayo nchi yake ilikuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe, na kitukuu, Henry Adams, alikuwa mwanahistoria. Vizazi hivyo vinne viliandika barua, shajara, hesabu za nyumbani, mashairi na kumbukumbu za safari, vikahifadhi karibu kila kitu, na leo mzigo wote huo uko Boston, mikononi mwa Chama cha Historia cha Massachusetts. Ulipopigwa picha za mikrofilamu katika miaka ya 1950, ulijaza mikanda 608.

Hoja yangu ni kwamba thamani kubwa ya nyaraka hizi imo katika watu wasio na cheo waliotajwa ndani yake. Mikataba, hotuba na uteuzi wa mawaziri tungevijua kwa njia nyingine, kwa sababu serikali huhifadhi mambo yake. Lakini mtumishi aliyefia nyumbani kwa rais, mama aliyetangazwa kuuzwa mnadani, mtoto wa Kiafrika aliyemwandikia mzee barua kutoka kifungoni, hao wangepotea kabisa, au wangebaki namba tu katika daftari la polisi, kama pale nyumbani asingekuwapo mtu mwenye tabia ya kuandika kila siku, na kama warithi wake wangewahi kuimaliza kazi ya kuchagua kipi kibaki na kipi kitupwe.

Mwenye tabia hiyo kuliko wote alikuwa John Quincy. Alianza shajara yake Novemba 1779, akiwa mtoto wa miaka 12 anayejiandaa kusafiri na baba yake kwenda Ulaya, akaendelea nayo, ingawa kwa mapengo hapa na pale, hadi 1848, mwaka aliofariki. Juzuu zake ni 51 na kurasa zimepita 14,000. Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje aliandika yaliyosemwa katika vikao vya baraza la mawaziri, nani alikasirika na nani alinyamaza. Akiwa mzee aliandika juu ya miti aliyoipanda, kuogelea kwake mtoni Potomac, macho yake yanayotoka machozi na mkono wake unaotetemeka. Novemba 1846 alipigwa na kiharusi akiwa Boston. Alipopata nafuu na kushika tena kalamu, Machi 1847, aliipa habari ya siku hiyo kichwa kinachosema kuwa hayo ni maandishi ya baada ya kifo chake, kwani kwa hesabu yake alikuwa amekufa tangu saa ile ya kiharusi kwa kila jambo lenye manufaa kwake na kwa binadamu wenzake. Hata hivyo aliendelea kuandika, na aliendelea kwenda bungeni, mpaka Februari 1848 alipoanguka katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi na kufariki siku mbili baadaye ndani ya jengo hilohilo.

Mtu anayeandika namna hiyo hawezi kujificha, na ndiyo sababu shajara yake ina mahali inapomshitaki yeye mwenyewe. Mwanzoni mwa 1820, Bunge lilipokuwa likibishana kama jimbo la Missouri liingie katika Muungano na watumwa wake, John Quincy, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliandika nyumbani kwake kwamba utumwa ni doa kubwa na chafu juu ya Muungano wa Amerika ya Kaskazini, na kwamba kutafakari iwapo unaweza kukomeshwa kabisa ni kazi inayostahili roho iliyotukuka kuliko zote. Ni maneno mazito, na aliyaweka kabatini. Hadharani alinyamaza, kwani aliutaka urais, na njia ya urais ilipita kwa wapigakura wa majimbo ya Kusini na kwa wanasiasa wenzake waliokuwa na mashamba na watumwa. Alinyamaza alipokuwa waziri, akanyamaza alipokuwa rais. Wasifu uliotungwa na mpenzi wake ungeweza kuyanukuu maneno ya 1820 na kutuachia picha ya mtu jasiri, lakini shajara inatuwekea maneno hayo pamoja na miaka iliyofuata, siku baada ya siku, na inatulazimisha tuone jinsi mtu anavyoweza kuijua haki vizuri kabisa na akaendelea na shughuli zake.

Tena kuna lililo karibu zaidi. Februari 1828, John Quincy akiwa rais, aliandika katika shajara kwamba Holzey, kijana mweusi aliyekuwa mali ya Johnson Hellen na ambaye alikuwa amekaa nao kwa miaka kadhaa, amefariki jioni hiyo baada ya kudhoofika kwa kifua kikuu. Johnson Hellen alikuwa mpwa wa mke wa rais. Kwa hiyo katika nyumba ya rais aliyeuita utumwa doa chafu, aliishi, akafanya kazi, akaugua na kufa kijana ambaye kisheria alikuwa mali ya jamaa wa nyumba hiyo. Mistari ile ni michache, haina hasira wala aibu, na imewekwa katikati ya habari nyingine za siku kama jambo la kawaida. Ninaposoma mistari hiyo moyo wangu hunyong'onyea, na bado nashukuru kwamba iliandikwa, kwa sababu jina la Holzey limo humo, na lingefutwa na yeyote ambaye angetaka kuisafisha nyumba ile kabla ya kuwakaribisha wageni.

Baada ya kushindwa uchaguzi wa 1828, John Quincy alifanya jambo ambalo marais wastaafu hawakuwa wakilifanya: alirudi Washington kama mbunge wa kawaida wa wilaya yake, akaanza kazi mwaka 1831. Hapo ndipo nyaraka zake zinapobadilika sura. Wananchi wa majimbo ya Kaskazini, wengi wao wanawake, walikuwa wakilipelekea Bunge hati za maombi zenye sahihi maelfu kwa maelfu, wakiomba utumwa ukomeshwe katika wilaya ya mji mkuu, na mwaka 1836 wabunge wa Kusini pamoja na washirika wao walipitisha kanuni ya kuziba midomo, kwamba kila ombi linalohusu utumwa liwekwe kando bila kusomwa wala kujadiliwa. John Quincy aliipinga kanuni hiyo kwa miaka minane. Mwaka 1837 walitaka kumkaripia rasmi kwa kuuliza tu kama anaruhusiwa kuwasilisha ombi lililotoka kwa watumwa wenyewe. Mwaka 1842 walitaka kumkaripia tena, naye akajitetea siku nyingi mfululizo mpaka wao wakachoka. Kanuni ilipofutwa, tarehe 3 Desemba 1844, alimhimidi Mungu katika shajara yake: libarikiwe, libarikiwe milele jina la Mungu.

Watu wa chini walijua kuwa mzee huyu anapokea barua, na wakaanza kumwandikia. Hili ningependa wanafunzi walizingatie, kwa sababu nyaraka za mtu mkubwa hukua kwa barua anazopokea kuliko kwa zile anazoandika, na aina ya barua anazopokea hufuata sifa yake mitaani.

Lakini wengine hawakuwa na uwezo wa kuandika, na hao waliingia katika shajara kwa mlango mwingine. Oktoba 1837, John Quincy aliona katika gazeti la Washington tangazo la mnada wa mwanamke mmoja na watoto wake wawili wa kike. Wengine walisoma matangazo ya namna hiyo kila wiki wakageuza ukurasa, yeye aliulizia. Kwa kuuliza huku na kule alikuja kujua kuwa mwanamke huyo, Dorcas Allen, alikuwa ameishi miaka mingi kama mtu huru kwa ahadi ya bibi aliyemmiliki, ambaye alikwisha kufa, akaolewa na mtu huru aitwaye Nathan Allen, kisha akakamatwa na kuuzwa kwa mfanyabiashara wa watumwa pamoja na wanawe wanne. Akiwa amefungiwa katika gereza la wafanyabiashara hao huko Alexandria, aliwaua wawili waliokuwa wadogo zaidi. Alishitakiwa, mahakama ikamwona kuwa hakuwa na akili timamu wakati wa tendo hilo, na alipoachiwa alirudishwa kwa yuleyule aliyemnunua, ambaye sasa alitaka kumuuza tena. John Quincy alifuatilia habari hiyo siku kwa siku, akaandika alichoambiwa na nani alimwambia, na hatimaye akaahidi dola 50 katika mchango wa kumkomboa Dorcas na mabinti wawili waliobaki.

Naomba tuliangalie hilo kwa makini. Karani wa mahakama aliandika kosa na hukumu, gazeti likaandika bei na tarehe ya mnada. Shajara ya mzee iliandika kwamba mwanamke huyu alikuwa na mume anayehangaika mjini kutafuta fedha, alikuwa ameahidiwa uhuru, na alikuwa na historia kabla ya ile siku ya Alexandria. Tena shajara inamwonyesha mwandishi wake akisitasita, akiogopa kuonekana anafanya mambo kwa kujionyesha, akijiuliza kama sheria inampa nafasi yoyote ya kuingilia. Mimi naiamini zaidi habari hiyo kwa sababu ya kusitasita huko.

Nije sasa kwenye barua ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kito cha mkusanyiko wote. Mnaikumbuka habari ya jahazi la Amistad: mwaka 1839 Waafrika 53, wengi wao Wamende kutoka eneo la Sierra Leone ya leo, waliuzwa Havana kinyume cha mikataba iliyokwisha kupiga marufuku biashara hiyo, wakapakiwa jahazini, wakaasi wakiongozwa na Sengbe Pieh, wakajaribu kurudi kwao, na mwishowe wakakamatwa karibu na kisiwa cha Long Island na kufungwa katika jimbo la Connecticut. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, John Quincy, ambaye hakuwa amesimama mbele ya mahakama hiyo kwa zaidi ya miaka 30, alikubali kuwatetea pamoja na wakili Roger Baldwin. Tarehe 4 Januari 1841, kabla ya kesi kusikilizwa, mtoto mmoja miongoni mwa wafungwa hao, jina lake Kale, alimwandikia barua kwa Kiingereza alichojifunza kifungoni.

Kale anaanza kwa kusema kuwa anamwandikia kwa sababu Bwana Adams anawapenda watu wa Mende na atasema mbele ya mahakama kubwa. Halafu anakwenda moja kwa moja kwenye ushahidi. Mhispania José Ruiz, mmoja wa waliowanunua Havana, amesema kuwa wao wamezaliwa Havana; amesema uongo. Havana walikaa siku kumi na usiku kumi, basi. Wote wamezaliwa Mende, na Kihispania hawakijui. Wamekaa Amerika miezi 17, lugha ya hapa wanaisema kidogo tu, lakini wanaandika kila siku na wanasoma karibu wakati wote. Watu wengine, anasema, huwaita Wamende wendawazimu na mabwege kwa sababu hawasemi lugha ya Amerika. Watu wa Amerika hawasemi lugha ya Mende, je, na wao ni mabwege? Kisha inakuja sehemu ambayo wakili yeyote angetamani kuwa ameitunga yeye: Bwana Adams rafiki yetu, wewe una watoto, una rafiki zako, unawapenda; ungehuzunika sana kama Wamende wangekuja wakawachukua wote wakawapeleka Afrika. Na ombi lenyewe ni fupi, kwamba wanachotaka ni kufanywa huru tu.

Swali la kisheria katika kesi ile lilikuwa ni hilohilo alilolijibu Kale katika mistari yake ya kwanza: je, hawa walizaliwa Cuba wakiwa watumwa, au wametoka Afrika wakiwa watu huru waliotekwa? Mtoto aliyefundishwa kusoma kwa Injili ndani ya kifungo alikuwa ameielewa kesi yake barabara, akampelekea wakili hoja, ushahidi na rufaa kwa utu, vyote katika barua moja. Mahakama ilitoa hukumu tarehe 9 Machi 1841, ikiwatamka kuwa watu huru, na mwishoni mwa mwaka huo 35 waliokuwa wamesalimika walianza safari ya kurudi Afrika. Kabla ya kuondoka walimtumia mtetezi wao Biblia, ambayo hadi leo iko Quincy, katika maktaba ya familia.

Siku 20 baada ya hukumu, John Quincy aliandika katika shajara kwamba dunia, mwili na mashetani wote wa kuzimu wamejipanga dhidi ya mtu yeyote atakayethubutu, katika Muungano huu, kujiunga na bendera ya Mungu Mwenyezi ili kuikomesha biashara ya watumwa wa Afrika. Na yeye, anayekaribia miaka 74, mkono ukitetemeka, jicho likififia, vipaji vyake vikimdondoka kimoja kimoja kama meno yanavyomdondoka kinywani, anaweza nini? Anajijibu kwamba hata hivyo dhamiri yake inamsukuma. Huyu ni mtu yuleyule wa 1820 na yuleyule wa 1828. Mkusanyiko unatupa wote watatu, nasi hatuna ruhusa ya kumchagua mmoja tukawaacha wengine wawili.

Hapa naomba mniruhusu nitoke njiani kidogo, kwani kuna uzi unaofika kwetu pwani. Mwaka 1833, wakati John Quincy yumo bungeni, Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 mfanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts ulio kaskazini ya Boston, Richard Waters, akaja Zanzibar kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Naye aliacha barua na shajara ambazo zimehifadhiwa huko kwao. Meli za Salem zilichukua pembe, ngozi na sandarusi, zikaleta nguo ambayo bibi zetu waliiita merikani. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba ambayo sehemu kubwa yake ilivunwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Pamba hiyohiyo ndiyo iliyokigawa chama cha siasa cha Whig huko Massachusetts katika miaka ya 1840, wenye viwanda wakaitwa Whig wa Pamba na wapinzani wa utumwa wakaitwa Whig wa Dhamiri, na mmoja wa viongozi wa hao wa Dhamiri alikuwa Charles Francis Adams, mtoto wa John Quincy. Ukizisoma nyaraka za Quincy na za Salem pamoja, unaona kuwa ugomvi wa familia zile na shuka na kanzu za pwani hii havikuwa dunia mbili tofauti.

Narudi nyumbani kwa akina Adams, kwa mke wa John Quincy, Louisa Catherine, aliyezaliwa London mwaka 1775. Watu wengi humpitia haraka, nami naona wanakosea. Mwaka 1815, mumewe akiwa ameshatangulia kwenda Paris, aliondoka St. Petersburg, Urusi, kwenye baridi kali, siku aliyotimiza miaka 40, akiwa na mwanawe Charles Francis wa miaka saba, akavuka Ulaya iliyoharibiwa na vita. Nyuma aliacha kaburi la binti yake mchanga aliyefia Urusi mwaka 1812. Walipokaribia Paris, Napoleon alikuwa amerudi kutoka uhamishoni, na askari wake walilizingira gari la Louisa wakidhani ni la Warusi, wakitishia kuua. Alijiokoa kwa kuonyesha hati zake na kwa kupaza sauti kumtakia Napoleon maisha marefu. Safari ilichukua siku 40. Katika shajara ya mumewe kufika kwake ni mistari michache. Mwaka 1836, zaidi ya miaka 20 baadaye, Louisa aliketi akaiandika safari ile yote mwenyewe, na mwaka 1840 akaanza kuandika maisha yake, akayapa jina linalomaanisha visa na mikasa ya mtu asiye kitu. Aliandika hivyo mwanamke aliyekuwa ameshakaa Ikulu miaka minne. Uchungu huo umo katika mkusanyiko, umelala karibu na juzuu 51 za mumewe, na ni sahihisho la nyingi kati yake.

Ni nani basi alivitunza vyote hivi? John Quincy aliagiza katika wosia wake kuwa vitabu na makaratasi vijengewe nyumba isiyoshika moto, na mwaka 1870 Charles Francis akajenga maktaba ya mawe kando ya nyumba ya familia huko Quincy. Yeye ndiye mhariri wa kwanza. Alichapisha barua za bibi yake Abigail, kisha maandishi ya babu yake kwa juzuu 10, kisha, kati ya 1874 na 1877, sehemu za shajara ya baba yake kwa juzuu 12. Alikuwa mwaminifu kwa kiasi chake, na hakuwasitiri wanasiasa waliosemwa vibaya na baba yake. Lakini alitangaza mapema kuwa ataondoa habari za maisha ya kawaida na mambo yasiyo na maslahi kwa umma. Kipimo hicho kinaonekana cha busara mpaka tukumbuke ni nani huishi katika maisha ya kawaida ya nyumba kubwa: mpishi, yaya, mke anayeugua, Holzey. Mhariri hakuhitaji kuwa na nia mbaya ili awapoteze. Ilitosha aamini kuwa anajua lipi lina maana. Kilichotuokoa ni kwamba alikata katika chapa tu. Miswada yenyewe aliiacha nzima katika maktaba ya mawe.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na hofu zaidi. Henry Adams alimwoa Marian Hooper, aliyeitwa Clover, mwanamke mwerevu aliyemwandikia baba yake barua kila Jumapili na ambaye alikuwa mpiga picha hodari. Mwaka 1885, miezi michache baada ya baba yake kufa, alijiua kwa kunywa dawa aliyoitumia kusafishia picha zake. Henry alichoma shajara zake mwenyewe, na katika kitabu cha maisha yake akaruka miaka 20 bila kumtaja mkewe hata mara moja. Simlaumu mfiwa. Lakini barua za Jumapili zimebaki, na picha zimebaki, na mtu aliyerukwa na mumewe anasomwa leo kwa maneno yake na kwa macho yake.

Mwaka 1905 familia iliweka nyaraka zote chini ya amana ya miaka 50, zikafungiwa kwenye jengo la Chama cha Historia, na kwa nusu karne watafiti walioruhusiwa kuzigusa walikuwa wachache mno. Wapo wanaoisifu amana hiyo kwa kuzuia mkusanyiko usitawanyike, na wana haki, kwani familia nyingi za Marekani ziligawana barua za mababu zao kama sahani za urithi. Mimi naongeza kuwa ufunguo ulikaa mikononi mwa watu waliokuwa na jina la kulinda, na kwamba mlango ungeweza kabisa kubaki umefungwa. Ulifunguliwa. Upigaji picha wa mikrofilamu ulianza katikati ya miaka ya 1950, mwaka 1956 familia ikautoa mkusanyiko wote kwa Chama, na mwaka 1961 zikatoka juzuu za kwanza za uchapishaji mpya ambao haukati kwa kipimo cha Charles Francis. Kazi hiyo ingali inaendelea.

Kwa wanafunzi watakaotaka kuanza: picha za kurasa zote za shajara ya John Quincy ziko wazi kwenye tovuti ya Chama cha Historia cha Massachusetts na zinasomwa bila malipo, ingawa mwandiko wa miaka ya mwisho utawasumbua. Msianze na miaka ya urais. Anzeni na Oktoba 1837, siku ya lile tangazo la mnada, msogee mbele hadi Machi 1841, mkiwa na barua ya Kale pembeni. Na kila mnapokutana na jina msilolijua, hata kama limetajwa mara moja tu, lisajilini katika daftari lenu pamoja na tarehe, mlitafute katika juzuu za kabla na za baadaye, na katika barua za Louisa, kabla hamjarudi kwa mwenye shajara.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.